Kinyama kwenye fizi: leza au kisu?

Swali la dada huyu nalifupisha. Ana miaka 34. Akiwa na mimba ya miezi sita aliona kinyama chekundu kimechomoza katikati ya meno mawili ya mbele ya juu, akaambiwa asubiri ajifungue kitaisha chenyewe. Amejifungua, mtoto sasa ana miezi mitano na ananyonya, kinyama kimepungua kidogo lakini bado kina karibu sentimita moja na akipiga mswaki sinki inajaa damu. Kaenda kliniki mbili. Ya kwanza wamemwambia wana leza, dakika kumi tu, hakuna sindano, hakuna damu, hakirudi tena, na hakuna haja ya kupeleka maabara kwa sababu "kinaonekana ni cha kawaida". Ya pili wamemwambia asafishwe meno kwanza, halafu watakikata kwa kisu, watashona nyuzi mbili, na kipande kitaenda kupimwa. Anauliza aende wapi, leza inauma au haiumi, kitarudi au hakirudi, na je inaweza kuwa kansa.

Dada yangu, kwanza hongera kwa mtoto. Sasa twende kwenye hizo ahadi tano za kliniki ya kwanza maana ndizo zimekuchanganya. Ya damu ni kweli kwa sehemu kubwa. Ya dakika kumi ni kweli ukihesabu ule muda wa kukata tu. Ya sindano mimi siiamini kabisa kwa kinyama cha sentimita moja. Ya kutorudi hakuna daktari duniani mwenye uwezo wa kuitoa. Na ya kutopeleka maabara, hapo mimi ningeshuka kwenye kiti nikaaga vizuri nikaondoka, hata kama mashine yao ni mpya namna gani.

Nianze na kansa maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Kwa historia uliyoeleza, yaani kimeanza kwenye mimba, kipo katikati ya meno ya mbele, chekundu, laini, kinatoka damu kikiguswa tu na kimepungua baada ya kujifungua, kinachonijia kichwani kwanza ni kile kinyama tunachokiita granuloma ya payojeniki. Ni mishipa midogo midogo ya damu iliyoota kwa fujo mahali ambapo fizi imekuwa ikikereketwa muda mrefu, mara nyingi na ukoga, na homoni za mimba zinaichochea iote haraka zaidi. Siyo kansa na haigeuki kuwa kansa. Vinyama vya aina hii mdomoni karibu robo tatu yake huota kwenye fizi, na hasa fizi ya mbele ya juu, kwa hiyo wewe uko palepale vinapopenda kukaa. Kawaida baada ya kujifungua hunywea, vingine hupotea kabisa, vingine hubaki na kadiri vinavyokaa ndivyo vinavyopoteza wekundu na kuwa vigumu kidogo. Miezi mitano umeshakipa muda wa kutosha.

Lakini hapo nimesema "kinachonijia kichwani", sijasema ndicho. Fizi ina vinyama kadhaa vinavyofanana sana kwa macho. Kuna kile cha nyuzi, cha rangi ya fizi yenyewe, kigumu, hakina maumivu wala damu, kinaweza kukaa miaka bila mtu kushtuka. Kuna kile kinachotengeneza chembe za mfupa ndani yake, kinapenda vijana na kinapenda wanawake, nacho ni msumbufu wa kurudi. Kuna cha seli kubwa, chenye rangi ya zambarau au ya bluu iliyoiva, ambacho kinatokea kwenye fizi au kwenye taya lisilo na meno tu na wakati mwingine kinakula mfupa ulio chini yake kidogo, na hicho kikirudirudi inabidi upimwe na kalsiamu kwenye damu kwa sababu tezi za paradhairoidi, zile ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, zikizidi kufanya kazi zinaweza kuleta uvimbe unaofanana nacho hata chini ya hadubini. Halafu kuna papiloma, kile kinyama kama sugu kinacholetwa na virusi, kuna uvimbe wa usaha unaotoka kwenye mzizi wa jino lililokufa (huo usikatwe hata kidogo, unatibu jino na uvimbe unaondoka wenyewe), na nyuma kabisa kwenye foleni kuna saratani ya fizi, na mara chache sana saratani iliyosafiri kutoka sehemu nyingine ya mwili ikaja kutua kwenye fizi. Hizo mbili za mwisho ni chache, ni chache mno kwa mtu wa umri wako na historia yako. Ila zinapotokea zina tabia ya kujifanya kinyama cha kawaida, chekundu, kinachotoka damu. Hakuna daktari anayeweza kuzitenganisha zote kwa kuangalia tu, hata awe na uzoefu gani, na anayekwambia anaweza basi hajakutana na kile kitakachomfundisha.

Dalili ambazo zingenifanya nikwambie acha kila kitu uende hospitali kubwa wiki hiihii ni hizi: kinyama kigumu kilichogandamana na mfupa, kidonda juu yake ambacho hakifungi wiki mbili hadi tatu, jino la jirani linalolegea bila sababu ya kueleweka, ganzi kwenye mdomo au kidevu, tezi ngumu shingoni, au kinakua kwa kasi wakati huna mimba. Hujataja hata moja. Sawa.

Sasa leza. Watu wanaongea kuhusu leza kama kitu kimoja, wakati kwenye meno kuna kama familia nzima na kila mmoja ana tabia yake, na ukienda kliniki una haki ya kuuliza yao ni ipi. Leza ya kwanza kabisa iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman, na ile ya kabonidioksaidi ilitengenezwa na Kumar Patel mwaka 1964. Hiyo ya kabonidioksaidi ndiyo mkongwe wa upasuaji wa tishu laini mdomoni. Mwanga wake una urefu wa mawimbi wa nanomita 10,600, na maji yanaupenda sana, na fizi imejaa maji, kwa hiyo mwanga ukigusa fizi unamezwa wote ndani ya sehemu ndogo tu ya milimita, maji yanachemka ghafla, seli zinapasuka na kugeuka mvuke. Ndiyo maana inakata vizuri bila kuzama sana.

Ila kwenye kliniki nyingi za kawaida utakutana na ya diodi. Ndogo, inakaa juu ya meza, bei yake iko chini kuliko zile nyingine, mawimbi yake kwa kawaida kati ya nanomita 810 na 980. Huu mwanga haupendi maji sana, unapenda rangi, yaani himoglobini ya damu na melanini. Kwa kinyama chako ambacho kimejaa damu hiyo ni habari njema. Lakini kwenye kukata, daktari huwa anaiunguza kwanza ncha ya ule uzi wa kioo, anaigusisha kwenye karatasi nyeusi au kizibo, inashika weusi, na kuanzia hapo kinachokata ni joto la ncha yenyewe zaidi kuliko mwanga unaotoka. Sisemi hili kuiponda, inafanya kazi vizuri tu, nasema ili ujue kwamba ikiachwa mahali pamoja sekunde nyingi joto linasafiri kwenda chini, na chini ya fizi ya mbele kuna mfupa mwembamba sana. Mwaka 1983 watafiti Eriksson na Albrektsson walionyesha kwa mifupa ya sungura kwamba joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu linatosha kuudhuru mfupa. Nyuzi 47, hata chai ya vuguvugu inafika huko. Kwa hiyo mkono wa daktari lazima uwe unatembea, na awe anapumzisha, na msaidizi awe ananyonya moshi na joto muda wote.

Ya tatu ni erbiamu, nanomita 2,940, inakata na maji yakirushwa, haina joto kubwa, inaweza kukata mpaka jino na mfupa, lakini kwenye kuzuia damu imezidiwa na wenzake. Na Nd:YAG, nanomita 1,064, inazuia damu vizuri lakini inazama ndani kwa milimita kadhaa, inataka mtu anayeijua hasa.

Kwa nini damu inakuwa kidogo? Tishu ikifika joto la nyuzi kama 60 protini zinaganda, kuta za mshipa zinajikunja, damu iliyomo ndani inaganda, mshipa unajifunga. Leza ya kabonidioksaidi inafunga mishipa yenye kipenyo cha mpaka karibu nusu milimita. Granuloma imejaa hiyo hiyo mishipa midogo. Kuna mshipa mmoja mkubwa kidogo unaoilisha kwenye shina, huo unaweza kuchuruzika na leza ikashindwa, hapo daktari anabana kwa shashi au anashona uzi mmoja, kwa hiyo hata mwenye leza awe na sindano na uzi mezani. Akikosa, muulize kwa nini.

Faida ya damu kidogo siyo kwamba wewe unaogopa kuona damu. Faida ni kwamba daktari anaona anachokata. Kwa kisu, kinyama kama chako ukikigusa tu kinafurika, unafuta, kinafurika, na ukingo wa kinyama na fizi nzima vinachanganyika. Kwa leza unaona mstari. Halafu mara nyingi hakuna kushona. Na kwa watu wenye hali fulani leza ni ukombozi hasa: anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda (asiache dawa mwenyewe, ampigie daktari aliyemwandikia), mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo ambaye kwake ile mashine ya umeme ya kuchoma tishu inatutia wasiwasi lakini leza haina shida hiyo, na wale ambao fizi zimevimba mdomo mzima kwa sababu ya dawa kama fenitoini ya kifafa, siklosporini, au hizi za presha za kundi la nifedipini na amlodipini, ambao unahitaji kupunguza fizi kubwa kwa wakati mmoja na kwa kisu ingekuwa machinjioni.

Sasa upande wa pili ambao matangazo hayausemi. Leza inachoma kingo za kile kipande. Yule mtaalamu wa patholojia anapokiweka chini ya hadubini, pembezoni anakuta seli zimevutika na kuungua, haoni kitu, anasoma katikati tu. Kwenye kipande cha sentimita moja hiyo siyo shida, kuna nyama ya kutosha katikati. Kwenye kipande cha milimita tatu inaweza kuwa kipande chote kimeungua na jibu linarudi "sampuli haifai". Na kama jibu likiwa baya, swali linalofuata ni je kingo ziko safi, na kingo zimeungua, hazisomeki. Kwa hiyo mwenye akili anakata nje kidogo ya kinyama, anaacha kama milimita moja ya fizi nzima izunguke, ile sehemu ya kuungua iangukie kwenye fizi nzima. Na anaandika kwenye fomu kwamba imekatwa kwa leza, ili msomaji ajue. Kama nina wasiwasi hata kidogo na kinyama, mimi nachukua kipande kwa kisu kwanza, leza baadaye.

Na kuna tofauti kubwa kati ya kukikata kinyama kizima kikatoka kama kipande, na kukiyeyusha kwa leza mpaka kikaisha kwa moshi. Hii ya pili ndiyo inayochukua dakika kumi bila maabara, maana hakuna kilichobaki cha kupeleka. Kimeenda hewani. Naomba uikumbuke hii kuliko nilivyosema yote hapo juu, ukifika pale uliza "kinyama chenyewe mkishakitoa kinaenda wapi?" Ukijibiwa kinaenda kwenye chupa yenye formalini ya asilimia 10, ile dawa ya kuhifadhi kipande kisioze, kaa. Ukijibiwa hakibaki kitu, hapana.

Kuhusu sindano. Zipo kazi ndogo sana za leza zinazowezekana kwa ganzi ya kupaka peke yake. Kukata shina la kinyama cha sentimita moja mpaka karibu na utando wa mfupa siyo mojawapo. Utahisi. Na mtu anayehisi anaruka, na mtu akiruka na ncha yenye moto iko mdomoni mwake hiyo siyo hadithi nzuri. Sindano ya lidokaini yenye adrenalini, kidogo, imechomwa pembeni ya kinyama na siyo ndani yake, inatosha, na haina shida na kunyonyesha, mtoto unaweza kumnyonyesha siku hiyohiyo. Ukienda na mtoto mnyonyeshe kabla hujaingia, siyo kwa sababu ya dawa, ni ili upate utulivu.

Siku yenyewe ikoje: unavalishwa miwani, na kila mtu chumbani anavaa, na lazima iwe miwani ya leza ile ile siyo ya jua wala ya kusomea. Mwanga wa diodi hauonekani kwa macho na unaweza kupita mpaka nyuma ya jicho kwenye retina, wa kabonidioksaidi unaishia mbele kwenye konea, zote mbili hutaki. Mlango unafungwa, kuna alama nje. Spiriti haipakwi karibu, inaweza kushika moto. Daktari anakishika kinyama kwa kibanio au anapitisha uzi katikati yake, anakivuta kwa upole mpaka shina lionekane, halafu ncha inazunguka shina taratibu, huku na huku, unasikia kama mchakacho mdogo na unasikia harufu ya nywele zilizoungua. Hiyo harufu huwa inawashtua watu kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nakwambia mapema, ni ya kawaida, ila kuwe na bomba la kunyonya moshi karibu na mdomo sentimita chache tu, kwa ajili yako na kwa ajili yao, maana moshi wa tishu siyo hewa safi na kwenye vinyama vya virusi vipande vya virusi vimewahi kukutwa ndani yake. Kinatoka, kinadumbukizwa kwenye chupa. Panabaki kidonda kikavu chenye weusi kidogo, ule weusi unafutwa kwa shashi yenye maji.

Hapo wengine wanakupa kioo ujione na kukuaga. Hapana jamani, kazi haijaisha. Sasa ndiyo wakati wa kukwangua mzizi wa jino pale pale kinyama kilipokuwa kimekaa, kwa sababu sasa kiko wazi na unaona ule ukoga mgumu ulioganda chini ya fizi, ambao ndio ulioanzisha shughuli yote. Ukiuacha, umekata kinyama umeacha mbegu. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kurudi.

Vinyama hivi hurudi. Kile chenye chembe za mfupa, tafiti nyingi hutaja kati ya 8 na 20 kwa kila 100, na hiki chako nacho kina tabia ya kurudi, hasa kikikatwa wakati wa mimba kabla homoni hazijatulia. Leza haibadilishi hilo sana kama watu wanavyodhani. Kinachobadilisha ni vitu viwili, kukata mpaka kwenye shina lenyewe hadi utando wa mfupa badala ya kunyoa juu, na kuondoa kilichokuwa kinaikereketa fizi. Angalia jino la jirani kama lina kujazwa kulikozidi ukingo, krauni (kofia ya jino) isiyokaa vizuri, waya, meno bandia yanayosugua. Kliniki ya pili iliyokwambia usafishwe meno kwanza, dada, hao wanajua wanachofanya. Na siyo urasimu, ukisafishwa vizuri ukapiga mswaki na kupitisha uzi pale katikati kwa wiki mbili tatu, wekundu unapungua, damu inapungua, kinyama chenyewe kinaweza kunywea kikawa nusu, na siku ya kukata inakuwa rahisi kwa chombo chochote watakachotumia.

Jambo moja ambalo hakuna aliyekuambia naona: fizi ya mbele. Ukikata mpaka kwenye shina katikati ya meno mawili ya mbele, ile pembetatu ya fizi kati ya meno inaweza kushuka na kuacha kijitundu cheusi, au jino likaonekana refu kidogo kuliko mwenzake. Mara nyingine hujaa tena ndani ya miezi kadhaa, mara nyingine haijai. Kwa mwenye kisu na kwa mwenye leza wote, muulize kabla, "nikicheka itaonekanaje?" Anayejua kazi atakuonyesha kwenye kioo fizi itakapoishia, na kama ni pabaya atakueleza kuhusu kuhamisha fizi kidogo kufunika, siku hiyo au baadaye.

Maumivu. Siku ya kwanza na ya pili watu wengi wa leza wanapata maumivu madogo kuliko wa kisu, ingawa tafiti hazikubaliani zote, na mimi mwenyewe naona tofauti siyo kubwa kwa kidonda kidogo kama hiki. Parasetamoli inatosha, au ibuprofeni kama huna vidonda vya tumbo, figo au pumu, na zote mbili zinakubalika kwa anayenyonyesha. Usinywe antibayotiki kwa sababu tu umekatwa, hazihitajiki kwa mtu mzima mwenye afya.

Kitu kitakachokutisha ni siku ya pili au ya tatu ukijiangalia kwenye kioo. Kidonda kitakuwa na utando mweupe wa njano njano, mlaini, unateleza. Watu wananipigia simu wakisema daktari nimeota usaha. Siyo usaha. Ni kama kigaga cha kidonda cha ngozi, tofauti mdomoni kuna maji muda wote kwa hiyo hakikauki. Usikikwangue na mswaki, usikisugue na kidole, usikiweke chumvi wala vitunguu swaumu wala karafuu. Chini yake ngozi mpya inatambaa kutoka pembeni. Kidonda cha leza kwa kweli kinaanza kufunga polepole kuliko cha kisu kilichoshonwa, maana kingo zimeungua kidogo, halafu baadaye kinawafikia wenzake. Wiki mbili hadi tatu kinakuwa kimejifunika, rangi inachelewa zaidi. Kovu lake mara nyingi ni laini, halivutani sana.

Siku ya kwanza kula vya baridi na laini, usisukutue kwa nguvu, hakuna pilipili, hakuna pombe, na sigara kama unavuta hii ndiyo wiki ya kuiacha. Damu ikichuruzika kunja shashi safi, bana kwa kidole dakika 20 bila kuchungulia kila baada ya dakika mbili. Ikiendelea baada ya kubana hivyo mara mbili rudi kliniki. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu na klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua vijidudu, ya asilimia 0.12 au 0.2, asubuhi na jioni kwa wiki moja hivi, ukizidisha wiki nyingi meno yanapata madoa ya kahawia. Meno mengine yote unapiga mswaki kama kawaida, naona watu wanaacha kupiga mswaki mdomo mzima kwa sababu ya kidonda kimoja, halafu fizi zote zinavimba, mambo yanakuwa mengi. Rudi kliniki haraka ukipata maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, homa, au ukiona kitu cheupe kigumu kama mfupa kwenye kidonda, hiyo mara chache sana inatokea joto likizidi na lazima ionwe.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningeenda kliniki ya pili nikasafishwa, nikapigwa eksirei ndogo ya hayo meno mawili kuona mfupa kati yake kama uko mzima. Kisha ningewauliza kama wana leza au kama wanamjua mwenye nayo wanayemwamini, kwa sababu kwa kinyama chenye damu namna hii leza ingenipendeza, lakini nisingeahirisha kwa miezi kuitafuta. Kisu kwenye mkono mzuri, na kipande kikaenda maabara, ni matibabu kamili, ndivyo vinyama hivi vilivyotolewa miaka mingi kabla ya leza kuingia kliniki na ndivyo vingi vinatolewa mpaka leo. Kama unawapenda wale wa kwanza kwa ukaribu au kwa urahisi, rudi kwao na masharti yako: sindano ya ganzi, kipande kitoke kizima kiende maabara, mzizi ukwanguliwe. Wakikubali bila kununa, endelea nao. Wakianza kukueleza mashine yao ilivyo ya kisasa, umepata jibu.

Majibu ya maabara huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja mbili. Usikubali kupewa kwa mdomo tu "ni salama dada", omba karatasi, lipige picha libaki kwenye simu yako. Kama limeandikwa granuloma ya payojeniki au la nyuzi, unaonwa baada ya wiki mbili, halafu baada ya miezi mitatu hivi na sita, na kusafishwa meno kila miezi sita. Kama limeandikwa la seli kubwa au lenye mfupa, ufuatiliwe kwa muda mrefu zaidi na eksirei irudiwe. Na ukipanga mimba nyingine, safisha meno kabla hujashika mimba na tena katikati yake, hiyo miezi mitatu ya kati ndiyo mizuri kukaa kwenye kiti cha daktari, na kikichomoza tena sehemu ileile nenda mapema kingali milimita mbili tatu, mara nyingi kusafishwa peke yake kunakituliza mpaka ujifungue.